Mashine tatu, akiba moja: nianze na ipi kudarizi nembo za shule?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro karibu na stendi ya Msamvu. Nashona sare za shule: sketi, kaptula, mashati. Nina cherehani mbili nyeusi za Butterfly, ovaloki moja, na binti mmoja ninayemfundisha kazi. Kazi ipo, namshukuru Mungu.

Shida yangu ni nembo. Shule mbili za binafsi ninazozishonea zinataka nembo kwenye sweta, na mimi sina mashine ya kudarizi. Kila msimu nabeba mzigo, napanda treni ya SGR mpaka Dar, namwachia mtu wa Kariakoo, kisha narudi tena kuufuata. Ananitoza 2,500 kwa sweta moja, mimi namtoza mzazi 3,500. Msimu uliopita zilikuwa sweta 240. Januari hii alinichelewesha, shule zikafungua watoto hawana sweta, nikasemwa na wazazi kama vile nimewaibia.

Nimeamua ninunue mashine yangu mwenyewe. Akiba yangu ni milioni 5.6. Sasa kila mtu ana ushauri wake.

Wifi yangu anayeishi Texas anasema atanunua Brother ndogo ya nyumbani, PE800, yenye sindano moja na fremu ya sentimita 13 kwa 18. Atalipa nusu yeye, mimi nichangie 1,200,000, na atakuja nayo kwenye begi akija mwezi wa saba. Shemeji yangu, anayeleta mizigo kutoka China, anacheka. Anasema hiyo ni ya kuchezea watoto, niagize Guangzhou mashine ya sindano 12, dola 3,200, na pungufu nikope milioni 4. Kuna watu anaowajua wanatoa mkopo siku hiyohiyo, marejesho 520,000 kwa mwezi kwa miezi kumi. Halafu kuna mzee mmoja Dar anafunga biashara, anauza mashine ya vichwa viwili iliyotumika, milioni 7, anasema ni imara kuliko zote hizo.

Mwenye duka la vifaa naye ameniandikia orodha ya vitu vya kuanzia imefika 1,400,000: nyuzi rangi mia, gundi ya kupuliza, fremu za sumaku na vingine nisivyovijua. Baba watoto anasema niachane na yote hayo, nibaki na sketi. Na mimi nimewaza hata kuiuza ovaloki niongezee mtaji.

Shangazi, ninunue ipi? Na katika orodha ile, kipi cha lazima?

Fundi wa Msamvu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Wanaoniandikia kuhusu kudarizi karibu wote huanza na idadi ya sindano. Wewe umeanza na idadi ya sweta, na hapo umenirahisishia kazi. Tuichukue hiyo 240 yako tuifanyie hesabu.

Unamlipa mtu wa Kariakoo 600,000 kwa msimu. Faida yako juu yake ni 240,000. Kwa hiyo nembo zako zote kwa sasa, hata ukizidarizi mwenyewe kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zinaingiza 840,000, kabla ya kutoa uzi na umeme, na sehemu kubwa ya hela hiyo inakuja Desemba na Januari. Mkopo wa rafiki zake shemeji unataka 520,000 kila mwezi. Februari utalipa nini? Aprili je? Utalipa kwa hela ya sketi na kaptula, na zikipungua watakuja kubeba ovaloki. Mtaani mikopo ya namna hii ina jina lake, kausha damu, na walioipa jina hilo hawakukosea. Kama utahitaji kukopa huko mbele, ingieni kikundi muulizie mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo haina riba na wanawake wametengewa sehemu yao, au nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ukawasikilize. Mkopo wa siku hiyohiyo kwa kazi ya msimu, hapana.

Mashine yenyewe ya Guangzhou siisemi vibaya. Ya kichwa kimoja na sindano 12 ni mashine ya kazi: unaipachika rangi zote kwa pamoja, inabadilisha yenyewe, inakata uzi yenyewe, na mkono wake umekaa wazi chini kiasi kwamba sweta au fulana inavishwa tu kama mtoto anavyovishwa shati. Inadarizi kofia za kapelo pia, jambo ambalo ndogo ya wifi hailiwezi vizuri. Lakini bei ya Guangzhou si bei ya Msamvu. Juu ya dola 3,200 kuna nauli ya meli, kuna VAT ya asilimia 18, kuna wakala wa forodha, kuna gari la kutoka Dar, kuna fundi wa kuja kuifunga na kuisawazisha. Shemeji akuandikie gharama zote mpaka mashine isimame juu ya sakafu yako, kwa maandishi. Wala usishangae akikaa kimya wiki nzima.

Ya yule mzee wa Dar ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, ingawa mashine kongwe, hasa za Kijapani, ni imara kweli. Vichwa viwili maana yake nembo mbili kwa mpigo, na hilo linavutia. Lakini bei yake inapita akiba yako hata kabla hujanunua koni moja ya uzi. Pili, mashine za zamani nyingi zilipokea kazi kwa flopi, zile diski bapa za kompyuta za zamani, na flopi leo utaipata wapi? Kuna kifaa cha kubadilisha ili isome flashi, ila ni gharama nyingine. Tatu, soma lile bamba la chuma mgongoni. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ziko zinazotaka volti 100, na za viwandani ziko zinazotaka umeme wa fezi tatu, ambao kwenye kijiduka chako haupo. Akisema "njoo uione inavyofanya kazi", nenda na sweta yako, si kitambaa chake. Aidarizi mbele yako kwa vichwa vyote viwili, maandishi na mduara, saa nzima bila kupumzika. Kichwa kimoja kikianza kukata uzi kila dakika tano, shukuru, aga, rudi nyumbani.

Imebaki ya wifi. Shemeji anasema ya kuchezea watoto. Nimpe haki yake kidogo: ni mashine ya nyumbani, haikuundwa kunguruma kutwa mwaka mzima, na ni ya kitako bapa, yaani sweta nzima lazima uikunjekunje kuizunguka, na mkono wa sweta ukijipenyeza chini ya sindano umeshonwa humo humo na nembo. Atakayeichukua adarizi moja kwa moja juu ya sweta 240 za watoto atalia.

Ndiyo maana nakuambia usidarizi juu ya sweta. Darizi beji.

Sikiliza jinsi inavyokwenda. Unachukua kitambaa kigumu kisichovutika, kaki au twili yenye rangi ya shule, unakibana kwenye fremu na karatasi ya bekingi chini yake. Kwenye fremu ya 13 kwa 18 zinakaa beji nne za sentimita 6, mbili kwa mbili. Unapanga faili ili mashine ishone rangi ya kwanza kwenye beji zote nne, kisha isimame, ubadilishe uzi, ishone rangi ya pili kwenye zote nne, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukizunguka ukingo kwa mshono mzito wa satini, yaani mishono ya kwenda na kurudi iliyobanana, unazikata kwa mkasi mkali, unazishonea kwenye sweta kwa Butterfly yako. Beji ikiharibika umeharibu kipande cha kaki. Sweta ikiharibika umelipa sweta.

Tuweke namba. Nembo ya shule ya ukubwa huo, yenye rangi nne, mara nyingi inakula mishono kama 7,000. Hiyo Brother kasi yake ya juu ni mishono 650 kwa dakika. Ukishona moja moja, ni dakika 11 za mashine, na juu yake kubana fremu na kubadilisha uzi mara tatu; hesabu robo saa na zaidi kidogo. Na kila baada ya dakika mbili au tatu mashine inakuita, hivyo hakuna kazi nyingine utakayofanya. Ukiweka nne pamoja, ni dakika 43 za mashine, na inakuita kila baada ya dakika kumi hivi. Katika dakika kumi hizo wewe uko kwenye cherehani unafunga sketi. Fremu nzima, na kubana na kubadilisha nyuzi, haizidi sana dakika 50. Kwa siku ya saa nane unapata beji 36 kama hujakatiwa umeme, na sweta 240 zinaisha ndani ya wiki moja. Ile ya sindano 12, ikienda mishono 850 kwa dakika na mtu mzoefu wa kubana fremu, ingekuchukua kama siku tano. Umeiona tofauti? Kwa beji, siku mbili. Haifai kukopea milioni 4.

Ila kwanza mwulize mwalimu mkuu kama anakubali beji ya kushonea. Wengi wanapenda, kwa sababu beji hiyohiyo inakaa kwenye mfuko wa shati, na mtoto akikua sweta ikabana mzazi anaweza kununua sweta tu. Kama shule moja imeng'ang'ania nembo idariziwe juu ya sweta yenyewe, hiyo endelea kuipeleka Kariakoo kwa msimu mmoja zaidi, na umtafute mtu mwingine asiyechelewesha.

Sasa, wifi asinunue kitu kabla hajajibu hili: volti ngapi? PE800 iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120. Soketi yako ya TANESCO inatoa 230. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia harufu kabla hujaona moshi, na bodi ndiyo imekwenda. Dawa ni transfoma ya kushusha umeme, na kwa mashine kama hii, ambayo haifiki wati 100, transfoma ndogo ya wati 300 inatosha na kubaki. Pasi yako inakula umeme mara kumi zaidi, kwa hiyo LUKU isikutishe. Andika kwa rangi nyekundu kwenye plagi ya mashine: 120. Maana siku wewe haupo, binti ataichomoa ili achomeke chaji ya simu, na kuirudisha atairudisha ukutani. Kama wifi ana ndugu au rafiki Uingereza, mashine za soko la kule ni za volti 230 na zinaepusha habari yote hii. Bei ilingane tu. Na transfoma ichomekwe kwenye UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, ya kawaida tu, siyo ya bei mbaya. Mashine nyingi za siku hizi zinakumbuka zilipoishia umeme ukikatika, lakini kumbukumbu hiyo haizuii sindano kusimama ndani ya kitambaa, na ukivuta kwa haraka fremu inasogea nusu milimita, nembo imeharibika.

Orodha ya mwenye duka nimeicheka kidogo, Mungu anisamehe. Amekuuzia duka lake.

Nyuzi rangi mia za nini? Shule mbili zina rangi ngapi? Nunua koni za rangi za shule zako, ongeza nyeupe, nyeusi, bluu ya bahari, nyekundu, damu ya mzee, kijani kilichoiva na dhahabu. Basi. Koni ya mita 5,000, si vikoni vidogo vya zawadi. Kila mishono 1,000 inakula kama mita 5 hadi 6 za uzi wa juu, kwa hiyo beji zako 240 zote, rangi zote kwa jumla, zinamaliza mita 9,000 na kitu. Koni mbili! Uzi si gharama ya kukunyima usingizi. Unachopaswa kuangalia ni aina. Uzi wa kudarizi ni poliesta au rayoni ya namba 40, unang'aa, laini, hauna manyoya. Chukua poliesta, kwa sababu rayoni inapendeza dukani lakini mama wa Kihonda anafua kwa Jik na kuanika juani, na rayoni haivumilii hayo. Uzi wa cherehani usiuweke kwenye mashine hii hata kwa dharura. Shika nyuzi zote mbili kwenye mwanga uone: wa cherehani una vinyweleo kama sufi, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyojaza vumbi kwenye nyumba ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, mpaka uzi uanze kujifunga mafundo chini ya kitambaa.

Bobini nayo usichukulie ya Butterfly. Nyingi za Brother za nyumbani zinataka ya plastiki yenye urefu wa milimita 11.5, nyingine inaingia vizuri tu, kisha inakusumbua siku nzima hujui kwa nini. Uzi wa chini ni mwembamba kuliko wa juu, na nyeupe tupu inatosha kwa karibu kazi zote.

Sindano nunua nyingi, ni rahisi. Namba 75/11 ndiyo ya kila siku, ya ncha kali kwa kaki na twili, na ya ncha duara kwa sweta na fulana, ili isikate nyuzi za kitambaa kilichofumwa. Mashine ya nyumbani inatumia sindano yenye shina bapa upande mmoja. Za viwandani, zinazoandikwa DBxK5, shina lake ni la duara. Muuzaji atakuambia zinaingiliana. Hapana.

Bekingi ndiyo ningekuambia usibanie hela. Kuna ya kuchana, unayoichana kwa mkono kazi ikiisha, hiyo ni ya vitambaa vigumu kama kaki yako. Kuna ya kukata kwa mkasi, inayobaki nyuma ya nembo maisha yote, na hiyo ni ya chochote kinachovutika: sweta, fulana za kola, jezi. Ukimwona fundi nembo zake zimejikunja kama uso wa mtu aliyelamba limau baada ya kufuliwa mara moja, alitumia ya kuchana kwenye sweta, au aliivuta sweta alipoibana kwenye fremu ikarudi ilipotolewa. Ukianza kudarizi taulo au sweta zenye manyoya, weka na ile plastiki nyembamba ya juu inayoyeyuka kwenye maji, vinginevyo herufi zinazama. Gundi ya kupuliza iache kwanza. Inaganda kwenye sindano na kukata uzi. Fremu za sumaku ni nzuri ila ni za mtu mwenye oda. Mkasi mdogo wenye ncha iliyopinda na kibano, hivyo ndivyo vitakavyokuwa mkononi mwako kutwa. Kwa hesabu yangu orodha ya 1,400,000 inashuka chini ya nusu, na hela inayobaki ina kazi hapa chini.

Faili. Hapa ndipo wengi wanapopigwa, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mashine haisomi picha. Ukiipa picha ya nembo aliyokutumia mwalimu kwa WhatsApp, haitafanya lolote. Lazima mtu aigeuze kuwa njia ya sindano, mshono kwa mshono: wapi aanze, upande gani mishono ilale, wapi aweke mishono ya chini ya kushikilia kabla ya kufunika. Kazi hiyo inaitwa kudijitaizi, na ndiyo inayotofautisha nembo inayosomeka na tope la nyuzi. Zipo programu zinazogeuza picha zenyewe kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ukiona nembo ya simba anayefanana na kiazi, ujue imetoka huko. Kwa nembo mbili tu, mlipe mtu anayeijua kazi. Mwambie unataka faili la PES kwa mashine yako na la DST pia, kwa sababu DST ndiyo inayosomwa na karibu mashine zote za viwandani, na siku ukipata kubwa hutalipa upya. Faili la DST halibebi rangi. Ukilifungua nembo ikaonekana ya zambarau na machungwa usipige kelele, rangi unazipanga wewe kwa mpangilio wa nyuzi. Na umwambie akupangie beji nne kwenye fremu moja kama nilivyosema. Jioni, ukiwa na kompyuta hata ya mtumba, jifunze kudijitaizi taratibu kwa programu ya Ink/Stitch, ambayo ni ya bure.

Herufi. Walimu wakuu wanapenda kaulimbiu ya shule iandikwe duara zima kwenye beji ya sentimita 6. Kwa uzi wa namba 40, herufi fupi kuliko milimita 5 inakuwa punje za mchele. Mwonyeshe sampuli, mwombe aondoe kaulimbiu abakize jina la shule. Akikataa, nunua uzi wa namba 60 na sindano 65/9, na bei ipande.

Mashine ikifika, usianze na nembo. Shona herufi H kubwa, ya satini, kwenye kipande cha kaki, kisha igeuze uitazame mgongo. Kila mguu wa herufi ugawe kwa macho mafungu matatu: uzi mweupe wa bobini uonekane katikati, na rangi ya juu pande zote mbili. Nyeupe ikijaza mgongo wote, uzi wa juu umekazwa mno. Isipoonekana kabisa, wa juu umelegea. Hilo H lishone kila asubuhi na kila ukibadilisha aina ya uzi, na ulibandike ukutani na tarehe. Mafundi wengi wanaruka hapa, na ndio hao wanaosema mashine ni mbovu.

Kabla ya yote hayo, kuanzia kesho, mpelekee yule wa Kariakoo akudarizie beji chache za mfano za shule zako mbili. Zipeleke shuleni. Kisha chukua zilezile uende shule nyingine tatu za Morogoro ambazo hujawahi kuzishonea. Oda utakazorudi nazo ndizo zitakazokuambia kama wifi alete mashine au la, na nani atakulipa nusu kabla ya kazi. Nusu, mwanangu. Shule zinalipa zikikumbuka.

Utaulizwa beji za Simba na Yanga, tena utaulizwa kila wiki. Nembo hizo zina wenyewe, kama zilivyo za kampuni za viatu na magari, na Tume ya Ushindani, ile FCC, inakamata bidhaa bandia. Kataa kwa upole.

Mwaka wa pili, angalia kwenye daftari kazi ulizozikataa kwa sababu ya mashine. Zikiwa kapelo za kampuni za ulinzi, fulana za kola za lodji za Mikumi, mikanda ya mahafali ya vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, hapo ndipo mwite shemeji na umkumbushe Guangzhou. Utakuwa unajua unataka nini: mfumo wa Dahao kwenye kioo cha kuendeshea, kwa sababu mashine nyingi za China zinautumia na vipuri vyake vinapatikana, fremu ya kofia ije kwenye kasha lilelile, na nyumba za bobini, visu na chemchemi za akiba ziwemo kwenye bei. Na uagize mapema. Mzigo wa meli ukiuagiza Novemba, Januari itafika kabla yake.

Baba watoto usimbishie kwa maneno. Mkalishe na daftari, mwonyeshe 600,000 inayopanda treni kwenda Dar kila msimu, na umwonyeshe kwamba mchango wako kwa wifi, pamoja na transfoma, UPS, vifaa na faili, hauvuki nusu ya akiba. Nusu nyingine inabaki benki. Nadhani anachokiogopa ni ule mkopo, na kwa hilo niko upande wake.

Ovaloki usiuze. Ndiyo inayolipa kodi ya kijiduka kuanzia Februari hadi Novemba, na hizo beji utakazoshona utazipachika kwenye nguo zilizopita kwenye hiyo ovaloki.

Shangazi